Kila Siku ya Ine Tunavuka na Feza

Wewe unayemupeleka muntu wako kwa sindano, unarudi naye, halafu juma likizunguka unamupeleka tena, kaa nikuambie. Asiye na mugonjwa apite, ana kazi zake. Mimi sikusoma sana. Herufi za kwanza nilizipata chuoni, kwenye Korani, kwa ubao na mukaa, na hizi za kizungu nilizipata uzeeni, wakati akina mama tulipokusanywa jioni kufundishwa. Ukiona neno limekaa vibaya, lisogeze mwenyewe; njo yetu ni ndiyo yenu, ine ni nne, na ao ni au. Na habari ya dawa usiniulize. Dawa nawaachia wenye makoti meupe. Mimi najua benchi. Najua mutumbwi. Najua namna ya kumushika muntu kwapani asianguke, na watu wasijue kama umemushika.

Mugonjwa wangu alikuwa Feza, muke mwenzangu.

Najua hapo unasimama. Wote wanasimama hapo. Hata wakati ule waliniuliza, mwenzako akiugua wewe unalia nini? Mume wetu alikuwa Ramazani, fundi wa nguo, na tulikaa Alunguli, ng'ambo ya muto Lualaba, hapo Kindu. Lopitali ya watu weusi ilikuwa upande wa pili, kwenye reli na nyumba za wazungu, maana Wabeleji njo walikuwa wanatawala inchi. Mimi nilikuwa muke mukubwa. Feza aliletwa nyuma yangu kutoka Obokote, kule pori la Lubutu, binti mwenye meno meupe na mudomo usiofungwa. Siku aliyoingia nyumbani aliniangalia kitenge changu juu mpaka chini akasema, "Yaya, kumbe Kindu bado munavaa hii?" Yaya kwetu ni dada mukubwa, lakini sikumupenda. Sitakudanganya hapa kwamba tulikuwa kama ndugu. Tulikuwa wake wawili wa mume mumoja, na kila mumoja alijua sauti ya nyayo za mwenzake.

Ugonjwa ulianzia kwenye kinu. Tulikuwa tunatwanga mupunga mupya, yeye anapiga, mimi napiga, na mara nikapiga peke yangu. Nikatazama. Muchi uko juu, mikono iko juu, na Feza amelala wima kama kuku juu ya mugongo wa nyumba.

Bi Salima, dada mukubwa wa Ramazani, alipoona vile akapiga makofi. "Mimba! Kusinzia kwa namna hii njo mutoto mwanaume!"

Kwetu mwanamke mwenye usingizi haulizwi, anapikiwa. Akapikiwa kuku, akaletewa samaki, nikaambiwa nimutwangie mimi. Akalala zaidi. Mavuno yakaisha, kiangazi kikaingia, tumbo likabaki kama ubao wa chuo. Bi Salima akasema mimba imejificha mugongoni, mimba za namna ile ziko, zinalala. Mama mumoja muzee akaletwa, akamukanda Feza mugongo kwa mawese mpaka ukang'aa. Hakuna kitu kilichoamuka. Bi Salima akaanza kusema alidanganywa. "Amekula kuku zangu kwa uongo," alisema, kama kwamba Feza ndiye aliyetangaza ile mimba.

Halafu watu wa malale wakaja na meza yao. Malale njo ugonjwa wa usingizi, ule unaoletwa na inzi wa kandokando ya muto. Tulipangwa mustari, wanaume huku, wanawake kule, na Muzungu akapita akipapasa shingo zetu. Hakutuangalia usoni hata mara moja, aliangalia shingo tu. Kwangu akapita. Kwa Feza akapapasa, akarudi, akapapasa tena, akaita mwenzake. Wakamusimamisha kando.

Nani atamupeleka ng'ambo? Ramazani akasema ana nguo za watu. Bi Salima akasema miguu inamuuma. Nikafunga kitenge changu, kilekile alichokicheka, nikasema, "Twende."

Kule alichomwa sindano ya mugongo, ile ya kuvuta maji. Infirmie, muuguzi wa pale, alikuwa mukristo mumoja, Alifonsi, naye muntu wa upande wa Lubutu, akawa anamusemesha Feza kwa Kikumu, luga ya kwao, ili asitikisike. Feza alishika vidole vyangu viwili. Mpaka leo kimoja hakikunjiki vizuri, na sijui kama ni uzee ao ni yeye.

Alifonsi akaniita pembeni. "Mama, ugonjwa umeshapanda kichwani. Sindano kila siku ya ine ya juma, Alhamisi, mpaka mimi niseme basi."

"Na akikosa?"

"Usingizi utakuja kuchukua kilichobaki."

"Kule kwao Obokote, hii sindano iko?"

Akacheka bila furaha. "Mama, mimi ni mutoto wa kule. Kule hata benchi hakuna."

Maneno yale niliyaweka moyoni. Yalinifaa baadaye.

Sasa nikuambie habari ya benchi, maana njo utakaa hapo kuliko mahali pengine. Lilikuwa refu, chini ya mabati, na mabati yalikuwa yanatupika. Tulifika na umande, tukaitwa jua likiwa kichwani. Kulikuwa na harufu ya dawa, ya jasho, ya ndizi za kuchoma watu walizofunga kwenye majani. Mama mumoja alikuja na kiti chake mwenyewe na akagombania nafasi ya kukiweka. Na baba mumoja, kibarua wa reli, mugonjwa vilevile, alikuwa na ulimi. Akaniuliza, "Mama, huyu ni mutoto wako?"

"Muke mwenzangu."

Benchi zima likageuka kututazama. Halafu akasema, "Unamuleta apone, ao unakuja kuhakikisha?"

Wakacheka mpaka Alifonsi akachungulia. Nikamujibu, "Nakuja kusikiliza wanaume wanavyolia. Juma lililopita ulilia sindano tukakusikia mpaka Alunguli." Kutoka siku ile alikuwa ananiwekea nafasi. Ndiyo hivyo. Kwenye benchi usikae na uso wa kilio. Jibu. Anayekutania ni muntu, naye anaogopa.

Mutumbwi ulikuwa wa Mugenya mumoja jina lake Kamango. Wagenya muto ni shamba lao, hawauogopi, lakini walimwogopa Feza, maana mugonjwa wa malale anaweza kusinzia akaanguka majini. Wapiga kasia wengine walikataa. Kamango akamukalisha katikati, akamupa kibuyu. "Feza! Toa maji, mutumbwi unaingia maji! Tukizama nitawaambia samaki ni wewe!" Feza akawa anachota na kumwaga, anachota na kumwaga, macho wazi mpaka ng'ambo. Nilisikitika nikidhani mutumbwi umetoboka. Mpaka siku moja nikageuka nikamuona Kamango nyuma, anachota maji ya muto kwa mukono, anayamimina ndani polepole, ili Feza asikose kazi. Akaona nimeona. Akatazama ndege. Nami nikatazama ng'ambo. Wema mwingine ukiushukuru unauharibu.

Mwili wake ulibadilika vibaya. Uso ulivimba kama mukate ulioloweshwa, halafu ukanywea, na meno yale meupe yakaonekana makubwa kuliko yeye. Alijikuna mpaka ngozi ikawa majivu. Alilala na wali shavuni, nikawa naingiza kidole kuutoa asisongwe. Tabia nayo ikageuka. Usingizi wa muchana, na giza likiingia anatembeatembea na kucheka na ukuta. Alinipiga kofi mbele ya wageni. Alinitemea mate. Mukeka aliulowesha, nikauosha, akaulowesha tena ukiwa haujakauka. Kuna siku nilienda nyuma ya nyumba nikauma kitenge changu nisipige kelele. Wewe pia utakwenda nyuma ya nyumba. Nenda, uma, halafu rudi.

Lakini hayo yote si kitu mbele ya watu wa nyumbani.

Kwetu kila muke ana jiko lake, mafiga matatu, na zamu yake ya kumupikia mume. Zamu yako ikifika na moto wako hauwaki, ikafika tena na hauwaki, basi wewe mwenyewe umesema umeondoka. Ndugu za mume wanakuja kung'oa mafiga, wanayatupa, unarudishwa kwenu bila hata kugombana. Feza hakuweza tena kushika mwiko. Basi zamu yake ilipofika nilienda kwenye jiko lake, nikawasha moto wake, nikapika kwenye chungu chake, nikapeleka chakula barazani: "Bwana, chakula cha Feza hiki." Ramazani alikula akitazama chini. Na zamu yangu ikifika, napika tena kwangu. Mikono yangu haikupumzika masika yote.

Bi Salima akasikia. Akaja na wanawake wawili wa ukoo kung'oa mafiga. Niliwaona wanapinda kona, na kwa kuwa sikuwa na fimbo wala mutetezi, nikakaa juu ya figa. Lilikuwa bado na moto. Nikakaa tu.

"Toka, Mwayuma," akasema. "Jiko hili limekufa."

"Limekufa? Mbona linaniunguza matako?"

Wale wawili wakaficha vicheko ndani ya vitenge. Bi Salima hakucheka. "Zamu ya muke haipikwi na mukono wa mungine. Njo desturi."

"Desturi inasema moto uwake, wifi. Haikusema nani apulize."

"Wewe unatafuta nini? Huyu akienda, mume anabaki wako peke yako. Mungu anakupa, unakataa?"

"Leo munang'oa la mugonjwa. Kesho goti langu likikataa, mutakuja kung'oa langu. Basi nalilinda langu nikiwa nimekaa juu ya la Feza."

Hivyo njo ilivyokuwa mwanzoni, na nalisema bila haya. Sikuanza kwa mapenzi. Nilianza kwa sababu niliona nyumba inayomutupa mugonjwa, na mimi nilikuwa ndani ya nyumba hiyo. Mapenzi yalikuja njiani, kwenye mutumbwi na kwenye benchi, na sijui juma gani. Ukisubiri kumupenda muntu kwanza njo umusaidie, atakufa unasubiri.

Wakaondoka bila mafiga, lakini Bi Salima akaingia kwa ndugu yake kwa mulango mungine. Mwezi wa kufunga ulipokaribia, mume wetu akaniita. Alikuwa anakunja kipande cha nguo na kukikunjua.

"Mama Yuma," akasema, maana mutoto wangu wa kwanza ni Yuma, "iko kamio ya mizigo inakwenda Lubutu baada ya Idi. Feza atakwenda kupumuzika kwa mama yake."

"Atakwenda kufa kwa mama yake. Sema vizuri, Fundi."

"Watu wanasema nyumba yangu inanuka malale. Hawaleti tena nguo."

"Infirmie amesema kule hakuna sindano."

"Kule ni kwao," akasema, na akatazama cherehani yake kama imemwita.

Ningeweza kwenda kusema kwa serikali. Mugonjwa wa malale hakuruhusiwa kusafiri bila karatasi, na polisi wangemushusha kwenye kamio. Sikwenda. Kumuita Bula Matari, hiyo serikali ya Wabeleji, nyumbani kwako ni kumuita chui afukuze panya. Nilikuwa na silaha yangu.

Nikachukua mutungi, nikamwaga maji kwenye jiko la Feza. Nikaenda kwangu, nikamwaga kwenye langu. Moshi ukapanda, Ramazani akatoka mbio.

"Unafanya nini?"

"Jiko baridi linamurudisha muke kwao. Basi turudishe wote wawili. Feza ana kamio ya Lubutu, mimi nina reli ya kwetu Kibombo. Fikiri tu utamusindikiza nani kwanza."

Siku ya kwanza ya kufunga jua likazama, muazini akaita, Ramazani akakaa barazani kwake, akanywa maji, akangoja. "Uji uko wapi?"

"Muulize dada yako. Yeye njo anajua habari za majiko."

Akachukua bakuli. Hebu muone: mwanaume wa wake wawili, fundi anayewavisha watu nguo za Idi, anapita katikati ya muji saa ya kufuturu na bakuli tupu. Kwenye baraza zote watu walikuwa wamekaa na vyakula vyao.

"Fundi! Wake zako wamesafiri?"

"Hapana, Fundi anafuturu kwa kutembea!"

"Karibu, Fundi, lakini tuachie wake zako, inaonekana huwahitaji!"

Alipita hivyo kila jioni kwenda kula kwa dada yake. Mimi nilifunga kama Muislamu yeyote, na jioni nikafuturu kwa muke wa Kamango, kwanga ya muhogo na samaki wa kuchoma, na Feza nikamulisha hapohapo. Kila siku ya ine tulivuka kama kawaida. Usidhani sikuogopa. Kama angeniambia nenda, ningekwenda wapi na magoti haya? Lakini uso wangu sikumuonyesha.

Bi Salima naye alikuwa na mume, na mume wake alikuwa mulaji sana. Kulisha wanaume wawili wenye njaa ya kufunga si muchezo. Mwezi ulipofika katikati akaja mwenyewe, bila wale wanawake wake, akasimama ukutani.

"Mwayuma, hebu washa moto."

"Moto upi, wifi? Yako majiko mawili hapa."

Akavuta pumzi mpaka nikahesabu mbavu zake. "Yote mawili."

Haikunitosha. Nilitaka maneno ya mwanaume, na nilitaka yatoke mbele ya watu. Watu walipotoka musikitini siku ya Ijumaa nikamungoja Ramazani penye viatu, nikamuuliza kwa sauti kama Feza anabaki. Akaangalia wenzake. Akasema, "Feza iko mu nyumba yangu mpaka infirmie aseme basi."

"Na baada ya basi?"

"Na baada ya basi, mama! Unataka niandike kwa wino?"

"Hapana. Nataka wasikie." Nikaenda kuwasha. Idi ile nilipika kwenye majiko yote mawili mpaka nyusi zikaungua. Kamio ikaenda Lubutu na wengine.

Ningependa kukuambia kwamba hapo mambo yakanyooka. Mvua kubwa zikaanza, muto ukapanda na kubeba miti mizima, na siku moja ndani ya mutumbwi Feza akasema, "Yaya, moshi mwingi leo." Moshi haukuwepo. Mvua ilikuwa imeosha kila kitu.

Alifonsi akasimamisha sindano siku ileile. "Dawa hii kuna watu inawala macho," akasema. Nikamuuliza, "Sasa tuchague nini? Alale akiona, ao aamuke kipofu?" Akaja kukaa benchi nasi, na kwa hilo namuheshimu. Akasema tuje vilevile kila siku ya ine, bila sindano, amuangalie. Ndugu yangu, majuma yale njo yalikuwa mabaya kuliko yote. Kuvuka muto wenye hasira, kukaa benchi, na kurudi bila hata kuchomwa. Alifonsi anainua vidole, Feza anasema ni vingapi. Anamutuma aguse nguzo, anaigusa, ao anagusa hewa kando yake. Bi Salima akasema, "Mumeona?" Nikamwambia naona, tena naona na macho yangu yote mawili, na atoke mulangoni ananizibia mwanga.

Moshi ukapungua. Sindano zikarudi, ndogo ndogo kwanza. Jicho la kushoto halikurudi vizuri. Lile tuliliacha pale ng'ambo, na silisamehe. Kuna watu wanasema, mushukuru Mungu kwa lililobaki. Namushukuru. Lakini lile lingine nalidai.

Unajua nilivyotambua kwamba anapona? Si kwa maji ya mugongo, ingawa Alifonsi aliyavuta tena, akayainua juani, akasema yameanza kuwa mazuri. Nilitambua nikiwa nasugua vyungu, mupunga umeshavunwa tena, naye amekaa mukekani ananitazama. Muda murefu alikuwa hajasema neno lake mwenyewe, alikuwa anajibu tu ndiyo, hapana. Mara akasema, "Nani amevunja mudomo wa chungu changu?"

"Mimi."

"Chungu cha mama yangu, Yaya! Alikibeba kutoka Obokote kwa kichwa! Wewe unapika kama unapigana."

Tukagombana mpaka majirani wakaja. Niliingia ndani nikacheka, nikalia, nikatoka tukagombana tena.

Kiangazi kilichofuata, siku ya ine moja, Alifonsi akaosha sindano yake, akaifunga, akasema, "Basi." Neno dogo namna ile. Nilikuwa nimelingojea, na lilipokuja nikabaki nimekaa benchi mpaka yule baba wa reli akaniambia, "Mama, nyanyuka, umeshahakikisha."

Yalibaki majuma ya kwenda kuangaliwa tu. Siku ya ine ya kwanza ya namna hiyo nilifunga kitenge changu, nikafunga ndizi kwenye majani, nikatelemuka mutoni. Feza alikuwa ameshatangulia, ameingia mutumbwini, amekaa mbele kabisa mahali penye upepo, na hakuwa na kibuyu mukononi.

"Sogea," nikamwambia.

"Baki, Yaya. Nakwenda mwenyewe."

"Nani atakushika ukishuka? Jicho moja huna!"

"Nitashuka na lile lingine."

"Feza! Majuma yote haya mimi..."

"Kamango, piga kasia," akasema, "huyu ataanza maneno."

Na yule Kamango, rafiki yangu, akapiga kasia! Nikabaki kwenye matope na ndizi zangu. Nikamutukana. Nilimutukana Kamango na kabila lake, na Feza na inzi wote wa Lubutu, na watu waliokuwa wanafua wakaacha kufua. Feza akageuka katikati ya maji, akaweka mikono mudomoni, akapiga kelele ikafika mpaka kwangu:

"Rudi nyumbani, Yaya! Leo zamu yako! Nikifika nikute chakula!"

Nikazikula ndizi zote peke yangu, palepale nimesimama. Halafu nikapanda, nikaenda kupika.